Alizaliwa Mmoja, Wakaletwa Wawili

Wanaomfahamu Rosalind Tuxworth watakwambia si mwanamke wa kushtukashtuka. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa shule ya msingi, kazi yake kutunza daftari la mahudhurio: nani ameingia asubuhi, nani ametoka jioni, na ametoka na nani. Katika miaka yote hiyo hakupotelewa na mtoto hata mmoja. Alipostaafu akabaki nyumbani na mumewe Clive na redio, mikono ikimwasha kwa kukosa daftari la kushika. Ndipo akaanza kuutafuta ukoo wake.

Jumanne moja ya Oktoba alioka mkate wa zabibu, akamwachia Clive nusu, nusu nyingine akaifunga kwenye kitambaa, akaendesha gari hadi Ovenby. Ni mwendo wa dakika ishirini kutoka mjini, barabara nyembamba katikati ya mashamba tambarare yaliyokwisha kulimwa, na mnara wa kanisa unauona kabla hujafika nusu ya njia. Jua lilikuwa la baridi, lakini lilikuwa limetoka. Rosalind aliendesha huku akiimba.

Alikuwa na sababu ya kuimba. Binti yake wa pekee, Harriet, aliyekuwa akiishi Nottingham na mumewe Dominic, alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza. Rosalind alitaka mjukuu atakapozaliwa akute ukutani mwa chumba chake mti wa ukoo uliochorwa vizuri na kutiwa fremu, kuanzia yeye mwenyewe kwenda nyuma hadi kwa Odling wa kwanza. Odling lilikuwa jina la baba yake Rosalind, na akina Odling wote walikuwa watu wa Ovenby. Katika ofisi ya kumbukumbu ya mkoa alifika hadi kwa mtu mmoja, Robert Odling, aliyezikwa mwaka 1790 akiwa na miaka themanini na moja. Hapo njia ikakatika. Daftari la nyuma zaidi ya hapo halikuwahi kutoka Ovenby. Lilikuwa kwenye kasha la mwaloni ndani ya kanisa, na ufunguo wa kasha alikuwa nao Mzee Wilf Dring.

Mzee Wilf alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye masikio makubwa na sweta iliyotiwa viraka viwikoni. Aliupokea mkate, akaunusa, akauweka juu ya benchi.

"Kusoma utasoma," alisema, akigeuza ufunguo. "Kunakili, hapana. Kalamu hapana, simu hapana."

"Kwa nini, Mzee Wilf?"

"Ufunguo huu ulikuwa kwa marehemu baba. Aliniambia hivyo, na mimi nakwambia hivyo."

"Naye baba aliambiwa na nani?"

"Bibie, umekuja kusoma kitabu au umekuja kunihoji?"

Rosalind alicheka, akanyoosha mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Basi, nimekubali. Sinakili."

Mzee hakumwomba simu. Alimwamini kwa neno lake. Baadaye, katika yote yaliyotokea, hilo ndilo lililomuuma Rosalind kuliko mengine.

Daftari lilikuwa kubwa, jalada lake la ngozi limekauka kama gome. Mwandiko wa ndani ulikuwa wa kumtia mtu wazimu, herufi nyembamba zimelaliana kama nyasi baada ya mvua. Baada ya nusu saa nzima alikuwa amesoma mistari minane tu. Kisha fundi wa mifereji ya paa akaita kutoka nje, na Mzee Wilf akatoka kumshikia ngazi.

Rosalind alitazama mlango. Akatazama daftari. Akatoa simu mfukoni.

Alipiga picha kurasa kumi na moja, za ubatizo na za mazishi. Ulibaki ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Akasikia buti za mzee kwenye sakafu ya mawe, akalifunga daftari.

"Umewaona watu wako?"

"Wachache tu," alisema, bila kumtazama usoni.

Mzee alimsindikiza hadi mlangoni. Rosalind akapita, akashuka ngazi mbili, akageuka kuaga. Mzee Wilf alikuwa bado ameushikilia mlango wazi, ameuegemeza kwa bega, kama mtu anayempisha mtu wa pili.

"Mbona hufungi?"

Mzee alitazama nafasi iliyokuwa kati yao, akapepesa macho. "Hata sijui," alisema.

*

Kesho yake asubuhi alikaa jikoni na kikombe cha chai, akaziweka picha kwenye kompyuta na kuzikuza hadi kila herufi ikawa kubwa kama kidole. Sasa maandishi yakasomeka.

Mwaka 1611: *Nimebatiza Margaret na Damaris, wa John Odling. Alizaliwa mmoja, wakaletwa wawili.*

Alidhani mchungaji wa wakati ule alikosea kuandika. Akaendelea. Mwaka 1638, mchungaji mwingine, mwandiko mwingine: *Thomas na Damaris, wa Peter Odling. Mkunga ameapa kwamba alizaliwa mmoja. Wameletwa wawili.* Mwaka 1674, mwandiko wa tatu, wa mtu ambaye mkono wake haukutulia: *Agnes na Damaris, wa Simon Odling. Mmoja. Wawili.*

Kwa mazoea ya kazi yake, akatafuta walivyotoka. Akafungua kurasa za mazishi. Margaret alizikwa siku arobaini baada ya ubatizo. Thomas, siku arobaini. Agnes, siku arobaini. Damaris hakuwamo. Hakuzikwa, hakuolewa, hakutajwa tena popote. Mara tatu aliingia kwenye daftari lile na hata mara moja hakutoka.

Rosalind alihisi baridi shingoni, akainuka kufunga dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Lakini aliandika. Alikuwa na mti wake kwenye tovuti moja ya watu wanaotafuta koo zao, ule mti aliotaka kuuchapa kwa ajili ya Harriet. Alikwisha kutenga hata kisanduku cha mjukuu, bado hakina jina: *Mtoto wa Harriet*. Sasa, juu kabisa, akawaongeza Margaret, Thomas na Agnes, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa na wa kufa. Ubavuni mwa kila mmoja akaandika Damaris. Damaris wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akauchapa mti wote kwenye karatasi ndefu, akaubandika kwenye jokofu ili Clive auone.

Clive aliingia kutoka bustanini, akanawa mikono, akaanza kutayarisha chakula cha mchana. Alitoa soseji, akakata mkate, akapanga sahani mezani. Rosalind aliinua macho.

"Clive. Sahani tatu za nini?"

"Zetu."

"Sisi ni wangapi?"

"Watatu," Clive alisema, bila kufikiri. Kisha akasimama na uma mkononi, uso umemwiva kwa aibu. "Nazeeka, Ros. Nirudishe shuleni kwako." Wakacheka. Lakini Rosalind aliona sahani ya tatu ilikuwa ndogo, ile ya maua waliyokuwa wakimlishia Harriet alipokuwa mchanga, na sahani ile ilikuwa imefungiwa kwenye boksi darini kwa zaidi ya miaka ishirini.

Alhamisi alipofungua kompyuta, akina Damaris watatu hawakuwapo juu ya mti. Alikuwapo mmoja, tena chini kabisa. Kisanduku chake kilikuwa kimesogea vizazi vyote vile na kusimama ubavuni mwa *Mtoto wa Harriet*, kama ndugu na ndugu. Kwenye tovuti ile, waliokufa huandikwa kwa rangi ya kijivu. Hiki kilikuwa cha kijani. Chini ya jina palikuwa na maneno mawili.

*Yu hai.*

Akakifuta. Akazima mashine, akaiwasha. Kilikuwa pale pale.

Alitoka ili apate hewa, akaendesha hadi duka la mikate la mtaa wa pili. Muuzaji, mama mmoja mchangamfu anayemfahamu kwa miaka, alimfungia skonzi mbili, kisha akaongeza ya tatu ndogo juu.

"Hiyo sikuagiza, Maggie."

"Ni zawadi. Ya huyo mdogo." Maggie alionyesha kwa kidevu kupitia kioo. "Mwambie aingie tu, mpenzi, asisimame nje kwenye baridi na yuko bila viatu."

Rosalind aligeuka. Nje palikuwa na gari lake, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

*

Harriet alipiga simu mchana ule ule. Sauti yake ilikuwa ya kujikaza.

"Mama, usiogope, ni sawa, mtoto yuko salama. Ila leo kliniki mkunga alisikia mapigo mawili."

"Mapigo gani?"

"Ya moyo. Mawili. Akaita mwenzake, naye akasikia mawili. Basi wakanipeleka ultrasaundi haraka haraka, wakatafuta kila pembe. Yuko mmoja. Wakaweka tena ile ya kusikiliza." Harriet alishusha sauti. "Mawili, Mama. Yule daktari akasema labda ni mashine. Lakini hakunitazama alipokuwa akisema."

Rosalind hakumbuki alimjibu nini. Anakumbuka aliendesha gari hadi Ovenby bila koti, na kioo cha nyuma alikigeuza kikatazama juu, asiweze kuona kiti cha nyuma.

Alimkuta Mzee Wilf akifagia majani mbele ya kanisa. Akamwambia yote, amesimama, machozi yakimtoka: simu, picha, mti, kisanduku cha kijani, sahani, mapigo mawili. Alitarajia agombezwe. Mzee hakumgombeza. Aliuegemeza ufagio ukutani polepole, akaketi kwenye ngazi.

"Ulifika ukurasa wa mwisho?"

"Sikuwahi."

"Twende."

Ndani hakukuwa na joto. Mzee alifungua kasha, akafunua daftari hadi mwisho, akaweka kidole. Mwandiko ulikuwa wa mchungaji wa nne, wa mwaka 1709, nao ulikuwa wazi, kama wa mtu aliyetaka asomwe vizuri. Mzee Wilf alisoma kwa kunong'ona.

"*Leo watu wa Odling wamekuja na watoto wawili. Nimewahesabu mara tatu. Mama amezaa mmoja, na mkunga wake amesimama hapa akilia. Nimewauliza ni nani aliyembeba huyu wa pili kutoka nyumbani, na kila mmoja amesema ni mwenzake. Nimeandika mmoja, Robert. Yule mwingine amenitazama nikifunga kitabu. Atakayekuja baada yangu asimwandike. Asimwandike popote.*"

"Robert," Rosalind alinong'ona. "Yule wa miaka themanini na moja."

"Huyo huyo. Aliishi kwa sababu mchungaji alikataa." Mzee alilifunga daftari. "Wale watatu wa kwanza walikubali. Wakaandika walicholetewa."

"Na mimi nimeandika."

"Na wewe umeandika."

"Nikifuta?"

"Sijui, bibie. Hakuna aliyewahi kufuta. Walioandika walizika." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Futa. Choma. Na siku ya siku ikifika, wewe ndiye utakayehesabu."

Siku ile alifuta kila kitu. Alifuta picha, akaufuta mti wote, akaifunga akaunti yenyewe. Karatasi aliichomea kwenye pipa la bustani, Clive amesimama kando akimtazama bila kuuliza. Karatasi iliungua yote. Kipande kimoja tu, kidogo kama ukucha, kilichukua muda mrefu kushika moto. Hakukisoma. Alikikandamiza kwa kijiti hadi kikawa majivu.

*

Mtoto alizaliwa tarehe tatu Desemba, wa kiume, mwekundu, mwenye sauti. Wakamwita Rufus. Rosalind alimvuta mkunga pembeni.

"Ni mmoja?"

Mkunga alicheka. "Ulitaka wangapi, bibi?"

Wiki zikapita. Hakuna aliyepanga sahani ya ziada. Rosalind akaanza kulala usingizi wake wa kawaida. Halafu, baada ya mwaka mpya, Harriet akapiga simu, mwenye furaha.

"Nimekupangia kitu, Mama. Mama yake Dominic anataka Rufus abatizwe, si unamjua alivyo. Basi nikasema, kama ni kubatizwa, abatizwe Ovenby. Kwa watu wako! Nimeshaongea na mchungaji. Jumapili ya kwanza ya Februari."

"Hapana," alisema Rosalind.

"Hapana nini?"

"Si Ovenby. Wala pengine popote. Harriet, nisikilize." Akajaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Mama, mtoto wangu ana wiki tano," alisema Harriet. "Usinitie maneno hayo. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, tutafanya bila wewe."

Rosalind alikwenda.

Jumapili ile saa tano asubuhi palikuwa na mwanga mweupe wa theluji, na kanisani kila kitu kilionekana bila kivuli. Watu hawakuwa wengi: jamaa wa pande mbili, marafiki wachache, na mchungaji, mwanamke kijana mwenye miwani aitwaye Philippa. Rosalind aliwahesabu walivyoketi. Kumi na watatu, pamoja na mtoto. Akahesabu tena. Kumi na watatu.

Mzee Wilf alikuwa akiwapokea mlangoni. Alikuja, akainama karibu na sikio lake, na pumzi yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Walioingia mlangoni ni kumi na wanne."

Ibada ikaanza. Walisogea wote hadi kwenye birika la ubatizo, la jiwe, lenye maji yaliyopashwa moto kidogo. Mchungaji Philippa alimpokea Rufus, akambatiza, Rufus akalia, watu wakacheka kwa upole. Mchungaji akamrudisha kwa Harriet. Rosalind akashusha pumzi.

Mchungaji Philippa akageukia upande wa pili, akanyoosha mikono.

"Na huyu mwenzake," alisema, kwa sauti ile ile ya upole, "anaitwa nani?"

Hakuna aliyeshangaa.

Rosalind aliwatazama usoni mmoja mmoja. Clive alikuwa akitabasamu. Harriet alikuwa akitabasamu. Mama yake Dominic, Bi. Verity, alikuwa akisogea mbele na shali nyeupe mikononi. Shali ilikuwa tupu. Rosalind aliona kwa macho yake kwamba ilikuwa tupu. Lakini katikati ilikuwa imening'inia kwa uzito, na kwenye uzito ule palikuwa na kitu kinachopumua.

Maji ya birika yalianza kutetema. Hakuna aliyeyagusa.

"Anaitwa nani?" aliuliza tena mchungaji, mikono bado imenyooshwa.

Dominic alifungua kinywa. "Da..."

Rosalind alimfikia kabla hajamaliza. Alimziba kinywa kwa kiganja, kwa nguvu, hadi akayumba.

"Mmoja!" alipiga kelele. "Harriet! Umezaa wangapi?"

Harriet alimtazama kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Umezaa wangapi? Sema!"

"Mama..."

"Sema!"

"Mmoja," alisema Harriet. Uso wake ukabadilika. Akamtazama mama mkwe wake, akaitazama shali, akamkumbatia Rufus kifuani hadi mtoto akalia. "Nimezaa mmoja. Nimezaa mmoja tu!"

Shali ikaanguka bapa.

Mchungaji Philippa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza kwa sauti kama ya mtoto mdogo, "Nilikuwa nafanya nini?" Mzee Wilf alimletea daftari jipya na kalamu, akasimama nyuma yake, akimtazama akiandika herufi moja moja. *Rufus.* Mstari mmoja. Kisha mzee akalifunga yeye mwenyewe, akaweka viganja vyote viwili juu ya jalada, akasubiri.

Kutoka upande wa birika walisikia miguu midogo, miguu mitupu, ikienda polepole juu ya mawe hadi mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Hawakuusikia ukifunguka. Miguu ikaacha tu kusikika.

*

Harriet hakumlaumu tena mama yake. Alimwomba aende akae naye Nottingham, na Rosalind akaenda. Alihesabu siku tangu ubatizo kwenye kalenda ya jikoni, kila siku msalaba. Ya thelathini, mtoto mzima. Ya thelathini na nane, mafua kidogo, na hawakulala nyumba nzima. Ya arobaini, Rosalind alikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda cha mtoto tangu alfajiri, hakula, hakuinuka isipokuwa mara mbili.

Siku ya arobaini na moja, Rufus aliamka, akamwona bibi yake, akacheka kwa mara ya kwanza kile kicheko cha watoto wachanga chenye sauti. Rosalind alikaa sakafuni akalia kwa kwikwi. Wiki ile ile alirudi nyumbani kwake. Alimpigia Mzee Wilf kumwambia. Mzee alisema, "Mungu asifiwe, bibie," kisha akaanza neno lingine, akaliacha.

Mti wa ukoo hakuuchora tena. Alijiandikisha kwenye kikundi cha kushona. Mwezi Aprili ukaja, mashamba yakawa ya kijani, Clive akapanda maharage yake.

Ijumaa moja asubuhi waliletewa barua. Clive aliikuta chini ya mlango, akaifungua mezani huku akitafuna, akaisoma, akakunja uso.

"Hawa nao wamechanganya watu," alisema, akaisukuma upande wa mkewe.

Ilikuwa barua ya kawaida, ya kuchapwa, kutoka kliniki ya watoto ya pale mjini. Anwani ilikuwa yao. Jina lilikuwa lake.

*Bi. Tuxworth mpendwa, tunashukuru kwa kumleta Damaris Jumanne. Uzito wake unaongezeka vizuri, na sindano yake ya kwanza ameipokea bila kulia. Amekwisha kuandikishwa kwenye daftari letu. Tafadhali mlete tena baada ya wiki nne.*

"Si wamekosea?" Clive aliuliza. "Ros? Jumanne ulikwenda wapi?"

Jumanne alikwenda mjini kununua nyuzi. Alikumbuka akiegesha gari. Alikumbuka akifungua mlango wa nyumbani, saa ya ukutani ikionyesha saa nane. Nyuzi hakuwa nazo.

Alikuwa akijikanda mkono wa kushoto, kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo, mahali pale mtu anapolaza kichwa cha mtoto. Ulikuwa ukimuuma tangu siku ile.